Majembe Kumi na Mawili Ndani ya Koti

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ila siwezi kuisimulia bila kwanza kukutajia uongo mmoja niliokuwa nimeumeza mzima mzima, kama mamba anavyomeza bata. Nilikuwa naamini kwamba uzito ni kitu cha ardhi. Kwamba ndege ikishauacha uwanja, uzito wa vyote vilivyomo unabaki chini pale pale kwenye majani, pamoja na kivuli. Huko juu gunia la chumvi na unyoya wa kuku vinakuwa ndugu wa tumbo moja. Usicheke. Ungemsikia aliyenifundisha, ungeamini hata wewe mwenye simu ya kuuliza kila jambo.

Ninakuandikia haya kwa sababu jana ulikuja hapa Bigo, mtaani kwetu Bunia, ukanywa chai yangu vikombe vitatu, kisha ukaomba nikuazime koti langu la zamani. Ulisema Jumatatu unapanda ndege ndogo ya mfanyabiashara fulani kwenda Niania. Nikakuuliza koti la nini, na Niania jua linakaanga mayai juu ya mabati. Ukajibu, "Babu, iko na mifuko mikubwa." Nikanyamaza. Ulidhani mzee amesinzia. Hapana, mzee alikuwa amerudi uwanjani, ana miaka ishirini na miwili, na koti lilelile mgongoni.

Aliyenifundisha habari ya uzito aliitwa Batisto, rafiki yangu wa mtaa. Batisto alikuwa ameosha vioo vya ndege mara mbili, na kwa vijana wa Bigo mtu wa namna hiyo alikuwa karibu sawa na rubani. Alinitolea ushahidi. Akaniambia nimtazame njiwa akitua kwenye tawi: tawi linainama. Akiruka, tawi linanyooka. Basi njiwa ana uzito akiwa ametua tu, akiruka hana. Nilikwenda kutazama mwenyewe, mwanangu, maana toka utotoni mimi ni mtu wa kutaka kujua. Nilikaa nyuma ya nyumba yetu asubuhi nzima nikihesabu njiwa na matawi, na kila tawi lilimpa Batisto haki. Nikamuuliza, kama ni hivyo, mbona kwenye uwanja watu wanapimwa kwenye mizani kabla ya kupanda? Akasema ni desturi ya ofisi tu, kama muhuri.

Leo nina diploma ya masomo ya jioni, nimeitundika ukutani juu ya redio ili kila mgeni aione akitafuta habari. Niliipata nikiwa na wajukuu wawili, na mwalimu wa fizikia alikuwa mdogo kuliko viatu vyangu. Lakini wakati ule elimu yangu yote ilikuwa Batisto na njiwa.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nimechumbia msichana wa Boga, anaitwa Yosefina. Baba yake alikuwa mzee wa ng'ombe wengi na maneno machache. Alituma ujumbe kwamba Jumamosi niende kujionyesha kwake mbele ya ukoo, na nisije mikono mitupu: nilete majembe kumi na mawili, moja kwa kila mama wa ukoo ule, na chumvi. Ng'ombe tungezungumza baadaye. Ujumbe ulikuwa na mkia: kuna kijana mwingine, mwalimu, naye ameomba siku. Na wewe unajua wahenga wanavyosema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Barabara ya Boga wakati huo ilikuwa haipitiki, kwa sababu ambazo watu wa Ituri hatuhitaji kukumbushana. Ilibaki ndege. Tajiri mmoja wa hapa Bunia alikuwa na ndege yake ndogo, ya viti sita ukimhesabu na rubani, na ikiwa na nafasi alikubali abiria. Kila abiria aliruhusiwa kilo kumi za mzigo. Kumi! Majembe yangu peke yake yalikuwa kilo kumi na tano, na chumvi kilo tano juu.

Ndipo nilipolikumbuka koti la marehemu baba yangu. Nililiinamia siku mbili na sindano ya magunia. Nilishona mifuko ndani ya bitana, mifuko kumi na miwili, sita kila upande, nikatia majembe bila mipini. Chumvi niliigawa katika soksi mbili. Nilipolivaa, mama yangu alisema natembea kama kabati lililotumwa sokoni.

Lakini mizani je? Hapo, mwanangu, ndipo ujuzi wetu watu wa Bunia ulipoingia. Kwetu mtu hasafiri bila kusindikizwa, na hasindikizwi kwa mkono mtupu. Unapimwa kwanza, unaandikwa. Halafu, wakati unangoja, ndugu zako wanakuja kwenye waya wa uwanja kukuaga, na kila mmoja anapenyeza kitu: chukulia shangazi yako hii, mpelekee fulani ile. Kifurushi cha kuagana hakikataliwi, kukikataa ni kumlaani aliyekileta. Na hakipimwi, maana kalamu imeshafunga daftari.

Basi asubuhi ile nilisimama kwenye mizani na shati jepesi, tumbo nimelivuta ndani, kana kwamba tumbo likivutwa kilo zinakimbia. Rubani tulimwita Komanda. Alikuwa mtu mfupi, mpole, kitambaa cha jasho shingoni, daftari dogo mkononi. "Senkantwiti," akasema, akaandika hamsini na nane. Kisha akatupanga viti kwa uzito. Mimi mwembamba akanipa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mkia. Alisema nyuma anataka mtu mwepesi. Nilimwona mtu wa ajabu.

Abiria wengine walikuwa wanne. Mfanyabiashara wa betri na tochi, mnene, mwenye kicheko. Katekista aliyekuwa anarudi parokiani kwake. Mama kijana mwenye mimba kubwa. Na Mama Roda, bibi mmoja wa Boga, aliyekuwa amepata habari kwamba binti yake amejifungua vibaya, amelala hospitali ya kule, na mtoto hana mtu wa kumshika. Bibi yule hakuongea sana. Alikuwa akitazama upande wa kusini tu, kama mtu anayesikiliza kilio mbali.

Tulipaswa kuruka saa moja. Komanda alisema wazi kwamba anataka kuruka asubuhi, hewa ikiwa baridi. Lakini mfanyabiashara alikuwa anangoja katoni zake, na katoni zilikuja saa nne na nusu. Jua lilikuwa limeshachemka. Komanda aliitazama ile soksi ya kitambaa inayoonyesha upepo, ikawa imelala kama mkia wa mbwa aliyeshiba. Akasema tungoje kidogo. Basi tukamvamia wote. Mfanyabiashara akamuuliza kama anaogopa jua. Katekista akamkumbusha kwamba Mungu iko. Na mimi, mwanangu, mimi niliyekuwa na mke wa kupoteza, nilimwambia mbele za watu kwamba dereva wa fuso angekuwa amekwisha kufika. Walicheka. Komanda alijifuta shingo, akasema twende. Neno langu lile bado linanirudia.

Wakati alipokwenda kuangalia mafuta, waya wa uwanja ulijaa ndugu. Batisto alikuwa pale na koti langu begani, amepinda kama mti wenye matunda. Alinivika kupitia pengo. Majembe yakalia ngwe-ngwe-ngwe. Nikakohoa ili kuyafunika.

Tukapanda. Ndege ilikimbia. Ikakimbia. Nakwambia ilikimbia mpaka nikadhani tunakwenda Boga kwa magurudumu. Halafu pua yake ikainuka kabla ya wakati, juu kama ng'ombe anayekataa kamba, na nyuma kule nikajisikia nimelalia mgongo. Tukaacha ardhi. Na mara honi ikaanza kulia, sauti nyembamba isiyokoma, kama mbuzi aliyebanwa mlangoni.

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilidhani Komanda anapigia honi mbuzi walioko uwanjani. Nilijinyoosha kwenye kioo kuwatafuta wale mbuzi. Niliona mabati ya nyumba yakipita chini yetu, karibu kiasi kwamba niliona sahani zilizoanikwa, na mtoto aliyejifunika kichwa kwa mikono. Nikampungia. Nikawaza: Batisto alisema kweli, uzito tumeuacha kule nyuma, sasa tutapaa.

Hatukupaa. Nilimwona Komanda akisukuma usukani mbele, kuelekea chini. Hilo ndilo lililonishangaza: mtu anataka kwenda juu, mbona anasukuma chini? Honi ikanyamaza. Ikalia tena. Ikanyamaza. Tukazunguka mji polepole, kwa duara pana kuliko wilaya, bila kuinama hata kidogo, huku Mama Roda akisali kwa lugha yao. Tuligusa uwanja kwa kishindo hata meno yangu yakahesabiana.

Komanda alizima injini. Alijifuta uso kwa kitambaa. Kisha akashuka, akafungua mlango wetu, akatuomba tushuke na kila kitu. Hakupaza sauti. Alisema kosa la kwanza ni lake, hakutupima mara ya pili na alikubali kuharakishwa. Halafu akauliza nani ana kitu ambacho hakikuandikwa.

Mama Roda ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alitoa ndani ya kikwembe alichojifunga kiunoni kopo dogo la samli ya mzazi, akaliweka kwenye majani. Basi wengine wakaona aibu. Mfanyabiashara akafungua koti, akawa na betri kuanzia kwapani hadi kiunoni. Katekista akaleta gunia la vitabu vya nyimbo alilopewa kwenye waya na kwaya nzima. Yule mama kijana akageuka pembeni, akajifungua papo hapo sabuni kumi na moja za miche. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini yeye alizaa. Kila mmoja alikuwa akisema vilevile: kwangu ni kidogo tu. Haba na haba, mwanangu, kibaba kilikuwa kimejaa hadi kinamwagika, na kila mtu aliona punje yake peke yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku ile tulijua kwamba hata wako mwenyewe ukiuficha unauona usufi.

Na mimi? Mimi nilisimama nimefunga vifungo vyote, jasho linanitiririka kama paa bovu. Akilini nilimwona baba yake Yosefina na yule kijana mwalimu, nikalibana koti kifuani.

Komanda akatupandisha tena, mmoja mmoja, yeye amesimama nje anatazama mkia. Nilipokaa mimi, mkia ulishuka. Aliinama, akautazama sana, akalitazama daftari.

"Bado," akasema. "Iko kitu nyuma."

Mfanyabiashara akasema labda ni ndege yenyewe imechoka. Komanda akasema hata kama ni hivyo, jua limezidi, hewa ya joto ni kama uji uliotiwa maji, haishibishi bawa. Mtu mmoja atashuka, ama hatutaruka leo. Tukatazama miguu yetu. Ndipo nikasikia mkanda ukifunguliwa. Alikuwa Mama Roda.

"Siye bazee tunashuka," akasema. "Nyiye vijana muko na kazi. Mutaniambia tu kama mutoto iko muzima."

Akaweka mguu wake nje, mguu mwembamba wenye kiatu cha plastiki, unatafuta kikanyagio na haukioni. Mwanangu, nimeona mengi. Nimeona watu wakikimbia na magodoro kichwani. Lakini mguu ule uliokuwa unatafuta pa kukanyaga ndio unaonijia hata leo nikifumba macho. Yeye hakuwa mzito kuliko kuku wa sadaka, na alikuwa anashuka kwa ajili ya majembe yangu.

Nikamshika mkono. Nikasema, "Rudi, Mama. Ni miye." Nikashuka, nikafungua koti, nikayatoa majembe mbele yao, moja, moja, moja. Mfanyabiashara alianza kucheka kwenye la tatu, na kufika la saba alikuwa amenyamaza. Halafu soksi mbili za chumvi. Komanda aliviweka vyote kwenye mizani, akanionyesha mshale kwa kidole. Kilo ishirini.

Nilidhani sasa nitarudi kwenye kiti changu, nimetubu, nimesafika. Akatikisa kichwa. Jua limezidi, alisema, hesabu ya asubuhi haitoshi tena. Mtu mmoja bado anabaki. Nikasema nitabaki mimi. Sikusema kwa ushujaa, nakuambia kweli, nilisema kwa sababu watu wote walikuwa wananitazama mimi. Nikampa Mama Roda salamu za kumpelekea baba yake Yosefina, nikamwambia amweleze yote, hata koti. Ndege ikakimbia kidogo tu, ikapaa kama njiwa. Honi haikulia.

Nilikaa kwenye majani na majembe yangu. Batisto alikuja kunifariji kwa elimu nyingine mpya, nikamwomba aende nyumbani.

Komanda alirudi saa tisa. Sikuwa nimeondoka, nilikuwa na maswali mengi kuliko nywele. Akakaa karibu nami, na kwa subira ya mtu aliyenusurika alinijibu. Ile honi, alisema, haiwaiti mbuzi. Inalia yenyewe bawa linapochoka, na ikiendelea kulia, linalofuata ni kuanguka. Kusukuma usukani chini ni kuipa ndege mwendo, kwa sababu bawa linakula mwendo kama sisi tunavyokula ugali. Na mkia? Akaniuliza kama nimeona mama wa sokoni na beseni kichwani. Beseni likikaa katikati, anatembea hadi Boga. Lisogeze nyuma kidogo, shingo inavunjika, hata kama ndani hamna ila mchicha. Majembe yangu yalikuwa yamekaa nyuma ya beseni. Nilimuuliza swali moja zaidi, lile la uzito na kivuli, na jibu lake nitakupa mwisho.

Alikuwa na ujumbe pia. Mama Roda alimkuta binti yake hai, akampokea mjukuu. Na alikwenda mwenyewe kwa baba yake Yosefina. Mzee yule alisikiliza hadithi yote, akauliza jambo moja tu: kijana aliyatoa majembe kabla bibi hajashuka au baada? Mama Roda akasema mguu wake ulikuwa nje tayari. Mzee akafikiri. Kisha akasema mwambieni aje wiki ijayo, na koti asilete. Nilikwenda na shati, kilo hamsini na nane za kweli. Majembe yalifuata baada ya miezi mitatu, kwa kichwa cha mtu na kwa baiskeli. Yule mwalimu alioa Aru, ana furaha, tunasalimiana. Na Yosefina ndiye aliyekumiminia ile chai jana. Akinikasirikia mpaka leo, anasema mguu ulikuwa nje tayari.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ndege kubwa ina watu wengi wa kuikagua. Ndege ndogo ya mtu binafsi ina rubani mmoja, na ninyi mliomo. Usimharakishe. Akisema tungoje, keti ungoje hata usiku ukukute Bunia. Harusi hungoja, mazishi hungoja, dhahabu ya Niania imengoja ardhini toka Adamu. Ukiona mawingu yamefunga na mwenye ndege anasema twende tu kwa sababu ana shughuli, shughuli ni yake lakini shingo ni yako, shuka. Kuuliza si ujinga: muulize rubani amelala vizuri, muulize mafuta yanatosha kwenda na kurudi, muulize lini fundi aliigusa. Akikasirika kwa maswali, umeshapata jibu. Panda kwenye mizani na kila kitu, hata kifurushi cha shangazi, na kama umeaga watu baada ya kupimwa, rudi upimwe tena. Na ukikaa, kumbuka kwamba unachokificha wewe, kuna mtu mwingine atakayeambiwa ashuke kwa ajili yake. Au hakuna atakayeambiwa, na mtashuka wote pamoja.

Koti njoo ulichukue. Yosefina ameshafumua ile mifuko yote kumi na miwili, na ya nje nimeiziba mwenyewe kwa sindano ileile ya magunia. Litakufaa kwa baridi ya asubuhi, maana utaruka asubuhi. Mungu akutangulie juu ya misitu yote hiyo, akupe rubani mwenye woga na upepo mwema, akushushe taratibu, na akurudishe uje umalize chai.

Na lile swali langu. Nilimuuliza hivi, na diploma sikuwa nayo: "Komanda, ndege ikisharuka, uzito unabaki wapi?" Alinitazama kuona kama namchekesha. Alipoona sichekeshi, alinijibu polepole.

"Haubaki, kijana. Tunapanda nao."